Kuzama na Kupiga Mbizi: Mchezaji katika Ulimwengu wa Mchezo wa Kunusurika

UTANGULIZI

Nje kidogo ya mji wa Nakuru kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Mary Leakey alifanya uchimbaji wa mambo ya kale hapo mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1943 mahali hapo pakawekwa rasmi chini ya hifadhi. Mgeni apandaye kilimani huonyeshwa vitu viwili vinavyohusu makala haya. Cha kwanza ni mashimo makubwa ya duara yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Cha pili ni safu za mashimo madogo yaliyochongwa katika mwamba wenyewe, nayo ni bao. Si lazima waliochonga bao wawe ndio waliochimba mazizi. Hata hivyo, kule kukaa pamoja kwa zizi na bao juu ya kilima kimoja kunazusha swali ambalo wahakiki wa michezo ya kompyuta hawajalijibu vya kutosha: mchezo humtwaa mchezaji kwa nguvu gani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni picha. Husemwa kwamba kadiri majani, maji na vivuli vya kwenye kioo vinavyokaribia vya kweli, ndivyo mchezaji anavyosahau kwamba anacheza. Mwamba wa Hyrax Hill unalikanusha jibu hilo. Hauna rangi wala sauti, lakini waliouchonga waliona mchezo unastahili jasho la kutoboa jiwe.

SUALA LA ISTILAHI

Kiswahili kinapotafuta neno la hali hii, aghalabu hutumia kuzama: mtu amezama mchezoni kama azamavyo kitabuni. Neno hili linafaa kwa kiasi, lakini lina kasoro. Azamaye hana hiari, maji yamemshinda. Coleridge alikwisha kueleza mwaka 1817, kuhusu ushairi, kwamba msomaji huiweka kando shaka yake kwa hiari. Mchezaji naye ni hivyo hivyo. Mfano wake ni mpiga mbizi, ambaye huingia majini kwa kusudi, hushika pumzi, huona ya chini, na wakati wote anajua uso wa maji uko wapi. Tofauti hii inaelekeza uhakiki. Anayesema mchezaji amezama atachunguza maji, yaani picha na sauti. Anayesema mchezaji amepiga mbizi atauliza anatafuta nini huko chini, na kwa nini anakubali kushika pumzi.

SHERIA NA HASARA

Katika bao la Kiswahili kuna kete 64, na hakuna hata moja itokayo mchezoni. Kete iliyotekwa huhamia upande wa mpinzani na kumtumikia yeye, na hairudi ila kwa kutekwa tena. Hii ndiyo hali ya ng'ombe waliochukuliwa usiku: hawakufa, wanaonekana ng'ambo ya pili wakimnenepesha jirani. Si ajabu kwamba miongoni mwa baadhi ya wafugaji wa Afrika ya Mashariki kete huitwa ng'ombe. Mchezaji hahitaji picha ya ng'ombe, kwa kuwa sheria ya mchezo imekwisha kuufanya uchungu wa zizi kuwa uchungu wake.

Michezo ya kunusurika ya wachezaji wengi imelifahamu jambo hili pale inapofaulu. Minecraft, iliyotolewa rasmi mwaka 2011, imejengwa kwa vipande vya mraba visivyojidai kufanana na kitu chochote cha kweli. Mchana na usiku wake kwa pamoja huchukua dakika 20. Anayeuona usiku unakuja naye hana ukuta huharakisha kujenga kwa hofu iliyo halisi. Kinachomharakisha ni ule ufupi wa muda na uhakika wa hasara.

Kinyume chake, mchezo unaoifanya njaa kuwa mstari tu unaopungua pembeni mwa kioo, nao ukajazwa kwa kubonyeza kitufe, humgeuza mchezaji kuwa karani wa ghala. Njaa bila gharama ni hesabu tu, na hapa hata picha nzuri haziokoi kitu.

MWENZAKE MCHEZAJI

Sharti la pili ni mtu. Mnyama wa kwenye kompyuta hutabirika baada ya siku chache, lakini binadamu hatabiriki. Katika DayZ sauti ya mchezaji husikika tu na walio karibu naye, hivyo salamu yenyewe ni hatari: anayeitoa amejulisha alipo, na anayeinyamazia ameonyesha nia. Lugha hapa haipambi mchezo. Ndiyo silaha na ndiyo ngao. Waliowahi kusimama barazani panapochezwa bao wanaijua nguvu hii, maana watazamaji hukejeli, hushauri na hubisha, na mchezaji huyumbishwa na maneno kama ayumbishwavyo na kete.

Katika Rust, mchezo uliokamilishwa mwaka 2018, mchezaji anapoondoka mwili wake hubaki umelala pale alipouacha, nao waweza kuuawa na mali yake kuibwa. Asiyekuwepo na lake halipo: methali hiyo imefanywa sheria. Ndipo wachezaji hulazimika kushirikiana, wakapeana zamu za ulinzi, wakaaminiana na kusalitiana. Zizi la Hyrax Hill lilikuwa na ulazima uo huo, kwamba pasipo jirani wa kukesha hapana mfugaji.

ARDHI ISIYO NA MWENYEWE

Hata hivyo, michezo hii ina dosari ambayo msomaji wa Bonde la Ufa hawezi kuipita. Katika Rust mtu huamka uchi, mkononi ana jiwe na mwenge, hana ukoo wala jina la mahali. Nchi iliyo mbele yake huchukuliwa kuwa ya atakayewahi. Mwanzo wa namna hii huonekana kuwa wa kawaida kwa watunzi wengi, lakini ni dai lenye historia. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya bonde hili, na ardhi ikagawiwa walowezi kana kwamba haikuwa na mwenyewe. Mchezaji wa Nakuru anayeambiwa kwamba pori ni tupu huenda akakubali kwa saa moja, lakini baadaye shaka aliyoiweka kando humrudia, kwa sababu amekulia mahali ambapo kila kilima kina jina na kila jina lina mdai.

Dosari hii ni ya kisanaa pia, mbali na kuwa ya kisiasa. Ulimwengu usio na waliotangulia hauna majina, na ulimwengu usio na majina ni vigumu kukaliwa moyoni. Wachezaji wenyewe hulithibitisha hilo. Baada ya siku chache pamoja huanza kuviita vilima na mabonde kwa majina waliyoyabuni kutokana na mikasa yao, na ni tangu hapo nchi huanza kuwa yao.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba mambo matatu humwingiza mchezaji katika ulimwengu wa mchezo: sheria yenye hasara, mwenzake asiyetabirika, na lugha inayovipa vitu majina. Picha husaidia tu pale haya yalipokwisha kuwepo. Ikiwa ndivyo, Kiswahili hakiingii katika uwanja huu mikono mitupu. Namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi na takata ni istilahi za mchezo zilizokomaa, nazo zimeeleza hatari, akiba na mwanya kwa vizazi vingi. Wanaounda istilahi za michezo ya kompyuta wangefaa kuanzia barazani kabla ya kukimbilia kuswahilisha matamshi ya kigeni. Na watunzi wa michezo watakaotoka katika bonde hili wana mwamba wa kujifunzia. Waliouchonga walikwisha kuonyesha kwamba mashimo machache, mpinzani mmoja na kitu cha kupoteza vyatosha kumshusha mtu chini kabisa, na kumrudisha juu akiwa amejifunza jambo.