Bukhungu: Tamthilia ya Mhusika Mmoja

Siasa za Kakamega zina utanzu wake wa fasihi, na ukumbi wake ni uwanja wa Bukhungu. Utanzu huo unaitwa tamko. Yapo mawili makubwa, na nataka kuyasoma vile tunavyosoma tamthilia: nani anaongea, nani amenyamazishwa, na nani anafaidika pazia likifungwa.

La kwanza lilitolewa tarehe 31 Desemba 2016. Francis Atwoli, katibu mkuu wa COTU, alimtawaza Musalia Mudavadi kuwa msemaji wa Waluhya. La pili likaja tarehe 31 Desemba 2021. Uwanja ule ule, Atwoli yule yule, safari hii akiwa na Gavana Wycliffe Oparanya, na aliyepigiwa debe ni Raila Odinga. Msemaji wa onyesho la kwanza hakuwa shujaa tena. Wiki chache baadaye alikuwa upande wa William Ruto.

Tarehe yenyewe ni ufundi wa jukwaa. Mwisho wa Desemba sisi wa Nairobi tumerudi ocha na kila boma lina wageni, kwa hivyo hadhira ipo. Wanaokosekana ni wahusika. Ndani ya tamko yumo mmoja tu, anaitwa Mulembe, ana mdomo mmoja na kura moja kubwa. Waisukha, Waidakho, Wakabras, Wawanga, Wamarama, Wakisa na wengine wote wanamezwa na jina hilo. Wachambuzi nao wanaita hicho "kikapu cha kura". Na kikapu, wasee, kazi yake ni kubebwa hadi sokoni.

Sasa linganisha hadithi hiyo na kura za 2022. Urais, Kakamega ilimpa Raila kura nyingi. Useneta, ikampa Boni Khalwale wa UDA, chama cha mpinzani wa Raila. Uchaguzi wa gavana uliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura; watu wakarudi vituoni, wakamchagua Fernandes Barasa wa ODM. Mumias Mashariki ikachukua mbunge wa DAP-K, Malava wa ANC. Vyama vinne, kaunti moja, mwezi mmoja. Huyo ni mpiga kura anayesoma kila karatasi kivyake.

Utaniambia Raila aliongoza, kwa hivyo tamko lilifanya kazi. Zii. Mwaka 2013 Mudavadi mwenyewe, mwana wa Vihiga hapo jirani, alikuwa debeni, na bado Raila aliongoza Kakamega. Tamko la 2021 liliukuta mto ukitiririka, likajidai ndilo lililouchimba.

Kinachoniudhi zaidi ni yale yaliyoachwa nje ya jukwaa. Desemba hiyo hiyo ya 2021, kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho tangu 2019 kilikuwa mikononi mwa meneja aliyewekwa na benki, kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda. Hadithi ilikuwa pale: mkulima aliyeona muwa ukikauka shambani, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, duka lililotegemea siku ya malipo ya miwa. Huyo mkulima ana swali lake, na halihusu nani atamsemea. Anauliza pesa yake iko wapi.

Wanaohubiri umoja wana hoja, sikatai. Bila idadi, Nairobi haikusikii. Lakini umoja wa kudai kitu unahitaji hicho kitu kitajwe. Mkikubaliana kwanza juu ya mtu, kisha madai yaje baadaye, mmeuza ng'ombe kabla ya kuulizana bei. Tena anayekataa bei hiyo huitwa msaliti.

Isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu za ukubwa tofauti. Utamu wake uko kwenye kupishana kwa sauti. Wanasiasa huikodi ichangamshe umati, halafu wanapanda jukwaani kudai sauti moja.

Raila alifariki Oktoba 2025. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Novemba, Malava ilipiga kura ya uchaguzi mdogo. ANC ilikuwa tayari imevunjwa na kuingia UDA, na vigogo wa pande zote walikita kambi pale. David Ndakwa wa UDA alimshinda Seth Panyako wa DAP-K kwa tofauti ndogo. Kuna watakaosoma hapo udhaifu wa jamii isiyoelewana. Mimi nasoma mji mdogo wa mashamba ya miwa uliobishana wenyewe kwa wenyewe, ukakataa kubebwa mzima mzima na yeyote.

Sitashangaa tukiitwa tena Bukhungu kabla ya Agosti 2027. Likitoka tamko la tatu, nitalisoma nikitafuta neno moja tu: miwa.