Ufundi wa Kuisoma Picha ya Mnyonge

Wapiga picha husifiwa sana. Mimi namsifu anayekuja miaka mingi baada yao, akaketi na picha ya zamani ya watu maskini, akaitazama mpaka ikatoa hata yale ambayo aliyeipiga hakujua ameyanasa. Kazi hiyo ni ufundi kamili, na Meru na Embu zina sababu ya kuuthamini.

Chukua picha za Operesheni Anvil. Alfajiri ya Jumamosi, 24 Aprili 1954, jeshi la kikoloni la Jenerali George Erskine liliizingira Nairobi, kisha askari wapatao 25,000 wakaipekua mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitenganishwa na Waafrika wenzao. Wanaume wapatao 20,000 walipelekwa kambini Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto wapatao 30,000 wakarudishwa rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika. Kamera zilikuwapo. Katika picha hizo wanaume wameketi chini, safu kwa safu, na askari wamewasimamia na bunduki. Maelezo ya picha huwataja kuwa washukiwa wa Mau Mau, basi mtazamaji wa haraka huamua kwamba hii ni picha ya vita, akaifunua inayofuata.

Msomaji hodari hana haraka hiyo. Kwanza huuliza mpiga picha alisimama wapi. Kamera ikiinamishwa kuwaelekea walioketi, huwafanya waonekane wadogo. Udogo huo umetokana na mahali iliposhikwa, si na wao. Kisha hutazama mavazi. Makoti na kofia zile ni za watu waliokuwa na kazi mjini: tarishi, mpishi, seremala, mchuuzi. Halafu hutazama mikono na kando ya miguu, atafute mizigo. Waliokamatwa waliruhusiwa kubeba mfuko mmoja tu. Kitanda, sufuria, baiskeli na vyombo vya kazi vilibaki nyuma, na vingi havikuonekana tena.

Mwisho hutoka nje ya picha, akatafute kilichoandikwa mwaka uleule. Atakuta ripoti ya kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter, iliyotolewa 1954. Serikali yenyewe ilikiri humo kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, hawakulipwa hata kiasi cha kukidhi mahitaji ya lazima. Kima cha chini kilipigiwa hesabu ya mwanamume kapera, kana kwamba hakuna mke wala mtoto anayemtegemea.

Ukishajua hayo, picha ileile hubadilika. Unaona wanaume waliokuwa wakiishi kwa kubangaiza katika mitaa ya Bahati na Pumwani, wakipokonywa kwa siku moja chumba, mshahara na vifaa. Wake zao walipofika rizavu hawakupata nafuu: kuanzia Juni 1954 watu zaidi ya milioni moja, Embu na Meru wakiwamo, walihamishiwa vijiji vya lazima na kuchimbishwa mahandaki. Tumezoea kuuona umaskini kama hali iliyokuwapo tangu zamani. Hapa unatengenezwa, na kamera imemkuta fundi wake kazini. Mahali pa picha hii ni kwenye kabati la umaskini wa mjini, hata kama imehifadhiwa kwenye la vita.

Waliomo katika picha hizi hawatajwi majina, na tatizo hilo si letu peke yetu. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama maskini huko California, picha ikazunguka dunia nzima. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa umma hadi 1978. Kwetu, Musa Mwariama wa Meru anajulikana katika picha akiwa na Jomo Kenyatta, kwa sababu alikuwa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Tarishi aliyeketishwa chini hakupata bahati hiyo.

Wasomaji bora wa picha hizi wangali vijijini, ila ni wachache: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita 90. Kuwauliza nako ni ufundi. Usianze na "Huyu ni nani?" Anza na mahali, njia, jengo, koti; majina yatakuja yenyewe. Tena ujue kunyamaza. Katika misako ile walikuwamo watu waliofunikwa gunia lenye matundu ya macho, wakiwanyooshea wenzao kidole. Wajukuu wa aliyenyooshewa na wa aliyenyoosha huenda wanateka maji mto mmoja. Msomaji mwenye busara hazui ushahidi, wala haurushi hadharani kama karata ya ushindi.

Meru ina jumba la makumbusho katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Hapo panafaa nakala za picha hizi zipelekwe, na Embu nayo itengewe mahali pake, ili wazee waziangalie bila kufunga safari ya Nairobi. Nawe mwenye picha ya zamani sandukuni, usingoje makumbusho. Keti na mzee leo, ugeuze picha, uandike nyuma kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani, na alikuwa akifanya kazi gani.