Kwamsisi Zipo Mbili

Mkoa wa Tanga una kata mbili zinazoitwa Kwamsisi. Moja iko Handeni, nyingine iko Korogwe mjini. Mratibu wa takwimu za afya aliyeuzoea mkoa huo hababaiki: akipokea ripoti ya Kwamsisi hutazama imetoka kwa nani, na akiwa na shaka hupiga simu. Wakala wa akili unde aliyepewa kazi hiyohiyo hana wa kumpigia. Anachojua ni kile alichoandikiwa, na asipoandikiwa kuwa Kwamsisi zipo mbili, anaweza kuzijumlisha zikawa moja na kusonga mbele kwa amani kabisa.

Anayemwandikia ni fundi ambaye hasifiwi sana: mwandishi wa maelezo ya zana za uhakiki. Zamani maelezo yake yalisomwa na watu wachache, tena pale tu mambo yalipokwama. Siku hizi amepata msomaji anayeyafuata neno kwa neno. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa Model Context Protocol, utaratibu wa kuwaunganisha mawakala na programu nyingine. Humo kila zana hujitambulisha kwa jina, maelezo, na umbo la data inayoipokea. Wakala husoma hayo, akaamua kama aitumie zana au aiache.

Ugumu wa ufundi huu unaonekana vizuri katika DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao ndio unaobeba takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nchini Tanzania. Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu vyake, hujumlisha mwisho wa mwezi, na jumla hizo huingizwa kwenye mfumo. Kila kituo kina kitambulisho chenye alama 11 za herufi na tarakimu, kinachoanza na herufi. Lakini mfumo humruhusu anayetuma data achague kukitaja kituo kwa kitambulisho hicho, kwa msimbo, au hata kwa jina. Mwandishi mvivu huorodhesha njia zote tatu, akanyamaza. Mwandishi makini huongeza kwamba majina hugongana, akaitaja Kwamsisi, akaeleza kuwa jina likipatikana mara mbili wakala asimame asichague.

DHIS2 ina kanuni za uhakiki pia. Kanuni ina upande wa kushoto, upande wa kulia, na alama ya kuzilinganisha. Ina kiwango cha umuhimu, na ina nafasi ya kuandika maelekezo kwa atakayekutana na kasoro. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayompima mwandishi. Chukua kanuni inayosema watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta wasizidi waliopata ya kwanza. Inaonekana haina ubishi. Ila dozi hizo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo wanaochanjwa dozi ya tatu mwezi huu si wale wanaoanza mwezi huu. Katika zahanati ndogo, mwezi mmoja unaweza kuvunja kanuni na hesabu ikawa sahihi kabisa.

Maelekezo yakiishia kwenye "kosa: rekebisha", wakala atarekebisha kweli. Atapunguza namba ya upande mmoja mpaka kanuni iridhike, kisha ataripoti kuwa kazi imekamilika. Waandaaji wa programu wanaijua tabia hii: wakala aliyeambiwa majaribio yote yapite huweza kulibadilisha jaribio lenyewe. Basi mwandishi hodari huandika hivi: "Usibadilishe takwimu. Linganisha na miezi mitatu iliyotangulia. Kama tofauti inaendelea, andika jina la kituo na kitambulisho chake, kisha omba rejesta ikaguliwe." Ni sentensi fupi, na kila moja imezuia udanganyifu wa aina yake.

Sifuri nayo ina vituko vyake. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka iagizwe, hivyo kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha hakuna mgonjwa aliyekuja, au kwamba hakuna aliyejaza. Kanuni nayo inaweza kupangwa iruke panapokosekana namba moja, iruke zinapokosekana zote, au isiruke kamwe. Mwandishi asipoeleza ipi imechaguliwa na kwa nini, wakala ataripoti kuwa wilaya haina kasoro, kumbe nusu ya kanuni hazikufanya kazi.

Sentensi inayosahaulika kuliko zote ni ile inayomwambia wakala aishie wapi. DHIS2 ina namna ya kujaribu kuingiza data bila kuihifadhi, na maelezo mazuri huanzia hapo: jaribu kwanza, soma majibu, orodhesha vituo vyenye utata pamoja na kanuni iliyovunjwa, kisha mkabidhi orodha mratibu wa wilaya. Yeye ndiye mwenye namba ya simu ya muuguzi.