E2-E4: Saa Moja ya Manuel Göttsching

Zipo kazi za sanaa ambazo sifa zake zimegeuka pazia la kuzifunika. Mojawapo ni E2-E4, albamu ya mpiga gitaa wa Kijerumani Manuel Göttsching, iliyorekodiwa Berlin tarehe 12 Disemba 1981 na kutolewa mwaka 1984. Kila aitajaye huanza na muujiza wake: kwamba mtu mmoja aliketi peke yake mbele ya mitambo katika studio yake, akapiga muziki kwa muda wa karibu saa nzima bila ya kusita, na alipoinuka kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna sauti iliyoongezwa baadaye. Hadithi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, namna inavyosimuliwa inamdhulumu mtunzi, kwani inamfanya mtu aliyeokota lulu ufukweni, ilhali alikuwa mzamiaji.

Göttsching, aliyezaliwa Berlin mwaka 1952, alifunzwa gitaa la kiklasiki tangu utotoni. Mwaka 1970 aliunda kundi la roki la Ash Ra Tempel pamoja na Hartmut Enke na Klaus Schulze. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1971, ilikuwa na vipande viwili tu, kila kimoja kikijaza upande mzima wa santuri. Mwaka 1974 alirekodi peke yake Inventions for Electric Guitar, ambamo kila sauti isikikayo ni ya gitaa lililopitishwa katika mitambo ya mwangwi. Humo tayari mna mbegu ya E2-E4: kifungu kifupi cha sauti kinarudiwa, na kurudiwa, mpaka msikilizaji aanze kusikia ndani yake mambo ambayo mwanzo hakuyasikia. Aidha, alikwisha kuwasikiliza kwa makini Wamarekani Terry Riley na Steve Reich, mabingwa wa marudio.

Siku hiyo ya Disemba alikuwa ametoka karibuni katika ziara ya maonyesho pamoja na Schulze. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka kitu cha kusikiliza ndani ya ndege, kwani kesho yake alikuwa na safari ya Hamburg. Hakuketi, basi, kwa nia ya kutunga albamu. Lakini mikono iliyoketi pale ilikuwa na mazoezi ya miaka zaidi ya kumi.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Malenga anayetunga papo kwa papo hapati uhuru wake kwa kukosa kanuni. Anaupata kwa sababu mizani na vina vimekwisha kumkaa mwilini, hata akili ikabaki na kazi moja tu, ya kutafuta neno. Göttsching alijiwekea kanuni iliyo kali kuliko nyingi. Mwendo wote wa E2-E4 unasimama juu ya kodi mbili, zinazopokezana kama kupwa na kujaa. Vinanda vya elektroniki na ngoma ya mashine vinashika mapigo, na mkono wa mtu unafanya mabadiliko madogo madogo: sauti moja inang'arishwa, nyingine inafifishwa, pigo linaongezwa, linaondolewa. Asiye na subira atasema hapana kinachotokea. Mwenye subira atagundua, baada ya dakika kumi, kwamba amekwisha kufikishwa mahali pengine bila ya kuona njia.

Baada ya nusu saa gitaa linaingia, na hapo ndipo penye mjadala. Wapo wanaoliona kuwa ndiyo tunda la kusubiri kote kule. Ukweli ni kwamba nusu ya kwanza ndiyo iliyo bora. Gitaa, pamoja na utamu wake, mara nyengine linasema zaidi ya haja, na baadhi ya vifungu vyake vinatangatanga kama mgeni asiyejua wakati wa kuaga. Lakini kasoro hiyo ina faida yake, maana inathibitisha kwamba nyuma ya mashine yupo mtu anayetafuta, na anayeweza kukosa. Jina la albamu ni hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji, na vipande vyake tisa, vilivyopewa majina kwenye jalada, vinaishia na Remis, yaani sare. Baina ya mkono na mtambo hakuna aliyeshinda, na hiyo ni hukumu ya haki.

Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla kazi haijatolewa na kampuni ya Schulze, Inteam. Hapa ndipo ulipo ujasiri wa mtunzi. Muda wote huo ulimpa nafasi ya kusahihisha, kukata, na kulipunguza gitaa, hakufanya hivyo. Alikubali kwamba kilichozaliwa kwa pumzi moja hakishonwi viraka. Ujerumani iliipokea kwa ubaridi. Waliofahamu thamani yake walikuwa wachezaji wa dansi wa New York, alikokuwa akiipiga Larry Levan katika ukumbi wa Paradise Garage, na mwaka 1989 Waitaliano wakaitumia kuundia wimbo wao Sueño Latino. Kazi iliyotungwa kwa ajili ya abiria mmoja aliyekaa kitini ikawainua maelfu wakacheza.

Göttsching alifariki Disemba 2022. Saa yake moja imebaki funzo kwa kila mtunzi anayetamani kushukiwa na muujiza: muujiza huo humshukia aliyekwisha kujiandaa kuupokea, na ukishuka, adabu yake ni kuuacha kama ulivyo.