Axone: Chungu cha Soya na Swali la Nani ni Mhindi

Filamu nyingi za India zinazogusa ubaguzi wa mtu kwa sababu ya jimbo alikotoka hupenda kuhubiri. Axone yenyewe inapika. Imeandikwa na kuongozwa na Nicholas Kharkongor, ikaonyeshwa London mwaka 2019 na kuingia Netflix Juni 2020. Jina lake hutamkwa "akhuni", na ni jina la chakula: maharage ya soya yanayochemshwa, yakaachwa siku kadhaa yachachuke, kisha yakapikiwa nyama. Wenyewe ni Wanaga wa kabila la Sumi, kule Nagaland. Katika filamu hii yanapikwa na nyama ya nguruwe, kitimoto kwa lugha ya kwetu, na harufu yake ndiyo mkasa wote.

Kisa ni chepesi. Vijana kutoka majimbo ya Kaskazini Mashariki wamepanga vyumba Humayunpur, mtaa wa vichochoro kusini mwa Delhi. Rafiki yao Minam anaolewa siku hiyo hiyo, nao wameapa kwamba harusi haitapita bila chungu cha axone. Lakini mama mwenye nyumba hataki kusikia harufu hiyo ndani ya jengo lake. Basi siku nzima wanahangaika na chungu: wapikie wapi, wamwombe nani, wamdanganye nani. Ukisimuliwa hivi unaweza kudhani ni vichekesho tu. Na kweli utacheka, mimi nilicheka sana.

Ila ngoja. Mwaka 2007 polisi wa Delhi walitoa kijitabu cha ushauri wa usalama kwa wanafunzi wanaotoka Kaskazini Mashariki. Kiliwaambia wasichana wavae vipi, na kikafika mpaka jikoni: akhuni, machipukizi ya mianzi na mapishi mengine yenye harufu yapikwe bila kusababisha vurugu mtaani. Yaani dola iliyopaswa kumlinda mpangaji asitukanwe na jirani ilimfuata mpangaji na kumwambia afunike chungu chake. Ukishajua hilo, zile mbio za chungu mkononi hazichekeshi vile vile.

Kuhusu jiografia nitapita haraka. Majimbo manane ya huko yameungana na India iliyobaki kwa kipande chembamba cha ardhi, kilomita ishirini na kitu tu kwa upana pale panapobana zaidi. Vijana wanateremka kwenda Delhi, Mumbai, Bengaluru kusoma na kutafuta kazi, na wakifika huko sura zao zinawatangulia. Wanaitwa "chinki". Wanaulizwa kama wanatoka China au Nepal. Mwezi Agosti 2012 uvumi wa mashambulizi ulienea, na maelfu kwa maelfu yao wakaikimbia Bengaluru kwa treni kurudi Assam. Januari 2014 mwanafunzi kutoka Arunachal Pradesh, mtoto wa mwanasiasa wa jimbo lake, alidhihakiwa nywele zake katika duka la Lajpat Nagar, Delhi. Ugomvi ukazuka, akapigwa, siku iliyofuata akafa. Na filamu hii ilipotoka mwaka 2020, watu wenye sura hizo walikuwa wanaitwa "korona" barabarani.

Kharkongor hakuchukua tukio lolote kati ya haya kulifanya kilele cha filamu. Ameyageuza kuwa tabia ya mtu. Bendang, mpenzi wa Chanbi, aliwahi kupigwa na kundi la watu kabla hadithi haijaanza, na tangu hapo hayuko sawa. Wakiwa sokoni mwanamume anamtupia Chanbi maneno machafu. Chanbi anamkabili, anachapwa kofi mbele ya watu. Bendang amesimama pale pale, hafanyi kitu. Baadaye Chanbi anamlaumu, naye hana la kujibu. Sinema ya Kihindi tuliyokulia ingempa stelingi ngumi kumi na wimbo. Hapa stelingi ameganda, na kamera haimwonei haya wala haimtetei. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu yote, kwa sababu inaonyesha dharau inamfanyia nini mtu miezi na miaka baada ya waliomdharau kwenda zao kulala.

Kisha kuna Shiv, kijana wa familia ya mwenye nyumba. Ni mcheshi, mwema, anawasaidia na chungu chao. Ana ombi moja dogo: wamtafutie na yeye mpenzi wa Kaskazini Mashariki. Angalia ombi hilo. Halitoki kwa adui. Limetoka kwa rafiki ambaye kichwani mwake wasichana wa huko ni aina fulani ya bidhaa, rahisi kidogo kuliko wa kwao. Mwandishi mvivu angemweka mbaguzi mmoja mwenye masharubu tumchukie tukalale. Huyu Shiv ukimchukia unajisikia vibaya.

Kabla sijafika kwenye ugomvi wao, niwarudishe nyuma kidogo, maana dhihaka za namna hii zina umri mrefu kwenye sinema ya Mumbai. Padosan ya mwaka 1968 bado inapendwa. Ndani yake Mehmood anaigiza mwalimu wa muziki kutoka kusini, Master Pillai: kishungi cha nywele, Kihindi kilichopinda, macho ya kuzungusha. Anashindana kuimba na watu wa kaskazini, anashindwa, watu wanaangua kicheko. Mehmood ni fundi, sikatai, na wimbo wenyewe ni mtamu. Lakini miaka miwili kabla yake, Juni 1966, mchora katuni Bal Thackeray alikuwa ameanzisha Shiv Sena katika mji ule ule zinakotengenezwa filamu hizo, na jarida lake Marmik lilikuwa likichapisha orodha za majina ya watu wa kusini wenye kazi maofisini ili wenyeji waone "wameibiwa" nini. Sidai kwamba Padosan ilitungwa kwa ajili ya chama. Nasema tu kwamba kicheko cha ukumbini na orodha ya jaridani vilikuwa vinamzungumzia mtu mmoja, yule aliyeitwa "Madrasi" hata kama Madras hajawahi kufika.

Mtu ataniambia: aa, huo si utani tu? Hapana bwana. Sisi tunaujua utani. Mnyamwezi akimtania Mzaramo, Mzaramo naye ana zamu yake, na hata msibani watani wana kazi na haki zao. Master Pillai hana zamu. Hakuna tukio hata moja katika filamu ile ambapo yeye anawacheka wao na ukumbi ukawa upande wake. Mtu asiyepewa zamu ya kujibu hataniwi, anachekwa.

Wala msidhani wa kaskazini wote wako salama. Neno "Bihari", ambalo ni jina tu la mtu wa jimbo la Bihar, limegeuzwa tusi Delhi na Mumbai, na mwaka 2008 madereva wa teksi na vijana wa kaskazini waliokwenda kufanya usaili wa kazi za reli walipigwa Mumbai na wafuasi wa chama kilichomeguka kutoka Shiv Sena. Huko mijini kila mtu ana wa kumweka chini yake.

Miaka 39 baada ya Padosan ikaja Chak De! India, ya Shimit Amin, mwaka 2007. Wengi mmeiona: timu ya wanawake ya mpira wa magongo, Shah Rukh Khan kocha. Ina matukio mawili mazuri mno mwanzoni. Afisa anawakaribisha wachezaji wa Manipur na Mizoram kwa bashasha kama wageni wa heshima, na wao wanashangaa wamekuwaje wageni kwenye nchi yao. Kisha afisa anauliza Kitamil na Kitelugu vina tofauti gani, anajibiwa kwamba ni ile ile ya Mpunjabi na Mbihari. Safi kabisa.

Tatizo langu ni dawa inayotolewa. Kocha anawapanga wachezaji, kila mmoja ajitambulishe. Anayetaja jimbo lake anatolewa mstarini, mpaka mmoja anapojitambulisha kwa jina la India. Ukumbi unashangilia. Mimi najiuliza: mbona anayetoka Delhi hapotezi kitu katika mchezo huu? Kihindi chake kinabaki, chakula chake kinabaki, sura yake ndiyo ile ile iliyoko kwenye mabango ya sinema. Wa Mizoram anaombwa aache jina la kwao ili apewe jina ambalo dakika chache zilizopita afisa alimnyima. Na tukishaanza mechi, wachezaji wale wawili wanasema maneno mangapi? Hesabu mwenyewe. Filamu inayolalamika kwamba hawa wanachukuliwa kama wageni, nayo inawakalisha sebuleni.

Axone inakataa dawa hiyo. Haimwambii mtu yeyote aache chungu chake. Tena ina ujasiri wa kuingia ndani ya kundi la wanaobaguliwa na kuonyesha kwamba nao wana mipaka yao. Upasana, mpishi mwenzake Chanbi, ni wa asili ya Kinepali, na linapokuja suala la nani hasa ni wa Kaskazini Mashariki, anajua kwamba rafiki zake hawamhesabu wa kwao kabisa. Kila mmoja ana lugha yake ya kuzungumza na nyumbani; wakikaa pamoja wanaangukia Kihindi na Kiingereza. "Kaskazini Mashariki" yenyewe ni jina walilopewa na Delhi, na ni Delhi ilikowafanya wawe ndugu.

Lakini filamu ina ufa, na ufa wenyewe uko hapo hapo kwa Upasana. Anaigizwa na Sayani Gupta, Mbengali, na ndiye aliyebebeshwa sehemu kubwa ya hadithi. Watu wa Kaskazini Mashariki walilalamika, na mimi niko upande wao. Gupta ni mwigizaji mzuri. Hoja ni kwamba filamu inayosema "tuoneni sisi" imeona ni salama zaidi kuweka mbele uso uliozoeleka. Pale Lin Laishram, Chanbi, anapopewa nafasi, filamu inapumua; kwa nini asipewe yote? Na mama mwenye nyumba, Dolly Ahluwalia, amechekeshwa mno. Anapendeza kiasi kwamba tunasahau anaweza kuwatupia watu mizigo yao barabarani jioni hiyo hiyo.

Kuna kingine kisichosemwa. Ukisoma hadithi za Temsula Ao katika These Hills Called Home (2006), utakutana na Nagaland ya wanajeshi, ya vijiji vilivyochomwa, ya watu waliojifunza kunyamaza. Sheria inayolipa jeshi mamlaka maalumu kule ni ya mwaka 1958. Kwa wazee wa akina Bendang, "India" lilikuwa jina la mtu aliyekuja na bunduki muda mrefu kabla halijawa jina la mwenye nyumba asiyependa harufu. Axone imeliacha hilo nje ya mlango. Naelewa, ni filamu ya harusi. Lakini bila hilo, ugomvi wa Bendang na Shiv utauona kama hasira za siku moja.

Ndio ugomvi niliokuwa nauahirisha. Bendang anachemka, anamtukana Shiv, na tusi lenyewe ni "Indian". Shiv anaumia kweli kweli, maana siku zote yeye ndiye aliyekuwa anawahakikishia kwamba wote ni wamoja.

Nimekuwa nikiwaza DJ wetu wa kibanda umiza akifika hapo, na maikrofoni mkononi, atatafsirije. Kiswahili chetu kina neno moja: Mhindi ni mtu wa India yote, na Kihindi ni lugha ya baadhi yao, ila hata filamu ya Kitamil tunaiita picha la Kihindi. Akisema "wewe Mhindi!", ukumbi mzima utachanganyikiwa. Angeweza kulikwepa, aseme "mshenzi" au "mbaguzi", mambo yaende. Mimi ningemshauri aliache lilivyo, "Mhindi", halafu anyamaze sekunde mbili, mpaka mtu wa benchi la nyuma aulize kwa sauti: kwani yeye mwenyewe siyo Mhindi?